Upande Ulipo Moyo wa Mbavunene

Asiniulize mtu Tusajigwe alifikaje Bayana, kwa sababu hata yeye hawezi kuieleza njia. Anachokumbuka ni kwamba aliomba afikishwe, na akafikishwa. Nitakayosimulia ni yale aliyoyakuta huko, kama alivyoyakuta. Mwenye kutaka kucheka atacheka mwenyewe mahali atakapoona panafaa.

Tusajigwe alikuwa mjane wa makamo. Mumewe, Ambakisye, alikufa kwa uvimbe wa tumbo alioubeba kimyakimya hadi siku zake za mwisho. Kila mkewe alipomwuliza mbona anajishika ubavu, alijibu kuwa ni gesi tu, itapita. Baada ya mazishi nyumba ikawa kubwa kupita kiasi. Ndipo Tusajigwe akajiandikisha katika darasa la jioni la watu wazima, akaanza kujifunza kutambua picha za kifua na tumbo: pafu linaishia wapi, kivuli cha moyo kinaegemea upande gani, ini linajificha chini ya mbavu zipi, na kile kiputo cheusi cha hewa kilicho juu ya mfuko wa chakula kinakaa wapi. Alikuwa mzito wa kushika mambo, lakini hakukosa kipindi.

Humo darasani ndimo alimosikia habari za Bayana, nchi ambayo kila mtu hupigwa picha ya ndani tangu anapozaliwa, na hakuna kiungo cha mtu kisichojulikana na jirani zake. Tusajigwe aliwaza sana juu ya nchi hiyo. Huko, alijiambia, hakuna mwanamke anayemzika mumewe kabla ya kumjua. Tena watu wakionana mpaka ndani, upweke utapata wapi pa kukaa?

Langoni alimkuta ofisa wa mapokezi, mwanamume nadhifu aliyevaa koti jeupe. Tusajigwe akamwamkia na kunyoosha mkono. Ofisa akaruka nyuma kama aliyeonyeshwa kaa la moto.

"Mama mgeni," alisema alipotulia, "huo mkono urudishe mahali pake."

"Nilikuwa nakusalimia tu, baba."

"Kwetu hatusalimiani kwa kitu kisichoona."

Akamsimamisha mbele ya mashine, akampiga picha ya kifua na ya tumbo, akazitundika kwenye ubao wa taa na kuzisoma kwa utulivu. Kisha akamwambia kwamba sasa wamefahamiana. Hakumwuliza jina, wala atokako, wala kama amechoka.

"Kwa muda utakaokuwa hapa," alisema, "utaitwa Iniwastani."

"Mimi ninalo jina."

"Hilo ni la kwenu. Hapa mtu huitwa kwa alicho nacho."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Watu wa Bayana walitembea na picha zao mikononi, na walipokutana kila mmoja aliinua yake kuelekea jua ili mwenzake aitazame. "Naona mapafu yako yamepanuka leo." "Nawe figo zako zimekaa vizuri." Wakiisha kusema hayo, waliendelea na safari zao. Tusajigwe aliona watu waliokuwa majirani tangu utoto na ambao, picha zikiondolewa, wasingeweza kutambuana kwa sura. Nyuso zao zilikuwa kama vyumba visivyotumika.

Madirisha ya nyumba yalikuwa ya picha za marehemu. Mtu akifa, picha yake huingizwa kwenye fremu badala ya kioo, na mwanga wa mchana huingia ndani kupitia mbavu zake. Kwa hiyo nyumba zote za Bayana zilikuwa na nuru ya kijivu, na waliokaa humo walizoea kula na kufuma na kuhesabiana makosa chini ya vifua vya babu zao.

Wagombea wa Baraza lililotawala nchi nao walikuwa na desturi yao. Mtu wa kawaida alipigwa picha akiipa mashine mgongo, kifua kikiwa kimegusana na bamba linalonasa picha, na moyo ukatoka kwa ukubwa wake halisi. Mgombea aliomba apigwe kutoka mbele. Moyo ukiwa mbali na bamba, kivuli chake hutanuka, na wapiga kura wakiona kivuli kipana walisema huyu ndiye. Kila mtu alijua kwamba ni kivuli. Walimchagua hivyo hivyo. Mkuu wa Baraza wakati huo aliitwa Moyopana, Msomaji Mkuu wa nchi nzima, na picha yake ilining'inia kwenye kila ofisi.

Kuhusu ofisi, zilikuwa mbili. Ofisi ya Kifua ilisoma yaliyo juu ya kiwambo, ule msuli uliotandazwa kama hema kati ya mapafu na tumbo. Ofisi ya Tumbo ilisoma yaliyo chini yake. Aliyeumwa kwenye kiwambo chenyewe alisukumwa huku na huku mpaka akapona au akafa, na katika hali zote mbili ofisi ziliandika kuwa hakuhudumiwa kwa sababu hakuwa na upande.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa Sheria ya Mikono. Zamani, walimweleza, waganga wa Bayana walipapasa wagonjwa na kusema uongo juu ya walichosikia vidoleni. Baraza likakasirika, likaufukuza mkono usitoe ushahidi tena. Baadaye likaona mkono usiotoa ushahidi hauna sababu ya kumgusa mtu. Tangu hapo hakuna aliyemgusa mwenzake. Chakula kilipokelewa kwa koleo za mbao. Watoto wachanga walibebwa juu ya vibao vyenye mito. Watoto wenyewe walipatikana kwa kibali cha Baraza, na kuhusu hilo Tusajigwe hakuuliza zaidi.

Alipangiwa kukaa kwa fundi seremala aliyeitwa Mbavunene, pamoja na mkewe, Figotulivu. Kazi ya Mbavunene ilikuwa kutengeneza vile vibao vya kubebea watoto. Alikuwa mtu mwenye maneno ya mzaha, jambo la nadra Bayana.

"Iniwastani," alimwambia siku ya kwanza, akipiga randa ubao, "watoto wa mtaa huu wote nimewabeba mimi bila kuwabeba."

"Na wa kwenu?"

Figotulivu ndiye aliyejibu, huku akipanga koleo mezani. "Kibali hatujapewa. Picha zetu hazikulingana. Walisema ya mume wangu ina kitu hakijakaa sawa, lakini hawakujua ni kitu gani."

"Wakanipa mke wa kumtazama," Mbavunene alisema. "Si haba. Wengine wamepewa ukuta."

"Endelea tu na ubao wako," mkewe alisema, lakini alikuwa akitabasamu kwa pembeni.

Waliketi jioni upande huu na huu wa meza ndefu, wakiangaliana kwa upendo wa wazi kabisa, kama watu wawili waliosimama kwenye kingo mbili za mto usio na daraja. Tusajigwe alipowatazama alijikuta akifunga mikono yake kwapani. Tangu alipoingia nchi ile hakuna aliyemgusa hata kwa bahati mbaya sokoni, na ngozi yake ilianza kuwa mwilini mwake kama nguo ya mtu mwingine. Aliomba zaidi kuliko alivyowahi kuomba. Ilionekana kwake kwamba Mungu peke yake ndiye aliyekuwa hamwogopi.

Ndipo Mbavunene akaugua. Maumivu yalianza karibu na kitovu, akayafanyia mzaha. Kesho yake yalishuka chini upande wa kushoto, akaacha mzaha. Akawa hawezi kunyooka, na jasho lilimtiririka.

Akapelekwa Ofisi ya Kifua, kwa kuwa kila mgonjwa lazima aanzie juu. Msomaji wa hapo alitundika picha, akaona kivuli cha moyo kimelala upande usio wake. Hakushtuka. Aliigeuza ile picha kama mtu anavyogeuza fulana iliyovaliwa kinyume, akaigonga mhuri. Katika Bayana alama za kuonyesha kulia na kushoto zilikwisha kufutwa, maana sheria ilijua moyo unakaa wapi. Picha yoyote iliyosema vingine ilikuwa imetundikwa vibaya, basi.

Ofisi ya Tumbo ikapokea mhuri na kufuata. Walimpiga picha za vipande, zile zinazomwonyesha mtu kama mkate uliokatwa slesi, na wakaona kidole tumbo kimevimba na karibu kupasuka. Wakageuza slesi zote zilingane na mhuri wa Kifua. Ini likaenda kulia, bandama ikaenda kushoto, na kidole tumbo kikaenda chini kulia kinakotakiwa kuwa. Kila kitu kikawa kizuri machoni pao. Waliamua akatwe asubuhi inayofuata, upande wa kulia.

"Lakini panaponiuma ni hapa," Mbavunene alisema, akionyesha kushoto.

Msomaji wa Tumbo aliweka kalamu chini. "Unabishana na picha yako?"

"Sibishani, mheshimiwa. Ninaumwa."

"Picha inasema unaumwa kulia. Wewe unasema kushoto. Mmoja wenu anadanganya, na picha haina sababu ya kudanganya."

Kubishana na picha yako mwenyewe lilikuwa kosa. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa hilo hufutwa jina, picha yake hutolewa, na hapati dirisha hata akifa. Figotulivu, aliyesimama mlangoni, alimwomba mumewe anyamaze. Mbavunene akanyamaza, akalazwa katika Nyumba ya Kusubiri.

Tusajigwe aliruhusiwa kumwona mchana huo. Alimkuta amejikunja, midomo imekauka, macho yamemzama. Mkewe alikuwa ameketi umbali wa kisheria kutoka kitandani, mikono imekazwa mapajani.

"Iniwastani," mgonjwa alisema, "umekuja kutazama picha au mtu?"

"Nimekuja kukuombea, kaka."

"Omba tu. Maombi hayana sheria hapa. Hawajayafikia."

Kwao, Tusajigwe alipomwombea mgonjwa, alimwekea mkono. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi, kwa ndugu na kwa majirani, na kwa Ambakisye siku ambayo hakukuwa tena na la kuficha. Alifumba macho, akaanza kusali, na mkono ukaenda wenyewe. Akauweka juu ya kifua cha Mbavunene, upande wa kushoto, mahali pa moyo.

Figotulivu akavuta pumzi kwa kishindo. Mbavunene akakakamaa mwili mzima kama aliyemwagiwa maji, halafu taratibu akalegea. Machozi yakamtoka bila sauti.

Tusajigwe aliendelea kusali, lakini kuna jambo lilimsumbua. Chini ya kiganja chake palikuwa kimya. Alingoja. Akadhani ni homa, au ni unene wa mbavu. Akausogeza mkono kidogo kidogo kuvuka mfupa wa kifua mpaka upande wa kulia, na huko akaukuta moyo unapiga kwa nguvu, haraka haraka, kama mtu aliyefungiwa chumbani anayegonga mlango.

Sala ikamkatikia mdomoni.

Alikumbuka, kwa mbali sana, kwamba mwalimu wao aliwahi kugusia jambo kama hilo kipindi kilipokuwa kinaelekea kwisha: wapo watu wachache ambao viungo vyao vyote vimepangwa kinyume, kama sura kwenye kioo. Tusajigwe alidhani ni masihara ya kuwaamsha waliosinzia, wala hakuandika. Sasa hakuwa na hakika. Akagusa tumbo chini kushoto, polepole. Lilikuwa gumu kama ubao, na Mbavunene akaguna.

"Moyo wako umekuwa upande huu siku zote?" aliuliza.

"Upande gani mwingine ungekuwa? Nausikia hapa tangu utotoni." Akamtazama kwa mshangao. "Kwani wa watu wengine uko wapi?"

Tusajigwe akamtazama Figotulivu. Mwanamke yule alikuwa amesimama.

"Kesho watamkata mahali ambapo hakuna kitu," Tusajigwe alisema. "Na kile kilichovimba kitapasuka upande wa pili huku wao wanatafuta."

"Una hakika?"

"Sina. Nina mkono tu."

Kisha Tusajigwe akajifunga kanga vizuri na kwenda kujishtaki mwenyewe kwa Msomaji Mkuu, kwani hapakuwa na njia ya kusema alichogundua bila kusema alivyokigundua.

Moyopana alikuwa mzee mwembamba, mdogo kuliko kivuli chake. Alimsikiliza mpaka mwisho, wasomaji wa ofisi zote mbili wakiwa wamesimama kando.

"Ameshika mtu," alisema wa Kifua. "Hakuna haja ya kusikiliza mengine."

"Tena ameshika kifua na tumbo kwa mkono ule ule," alisema wa Tumbo. "Hajaheshimu hata mpaka."

"Mheshimiwa," Tusajigwe alisema, "mimi mnifukuze. Ila huyo mtu apigwe picha nyingine, na kabla ya kupigwa abandikwe pini ya chuma kwenye bega la kulia. Pini itatoka nyeupe. Mtajua upande upi ni upi."

Ulizuka mjadala mrefu. Msomaji wa Kifua alitaka kujua pini ni kiungo cha aina gani. Wa Tumbo alisema bega si kifua wala tumbo, kwa hiyo pini haiwezi kuwa na ofisi. Wa Kifua akasema kukubali pini ni kukiri kwamba picha haijitoshelezi, na picha isipojitosheleza wao wawili wameajiriwa kufanya nini? Hapo walikubaliana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, wakashangaa.

Moyopana akawaambia watoke. Mlango ulipofungwa akamgeukia mgeni.

"Unasema mkono wako umesoma," alisema.

"Haukusoma, Mheshimiwa. Umesikia."

"Na mimi? Wangu uko upande gani?"

"Sijui."

"Picha yangu iko ukutani. Kila mtu anaijua."

"Picha naiona. Wewe sijakugusa."

Mzee akasogeza kiti chake nyuma, ingawa mgeni hakuwa amesogea. Akatazama mikono yake mwenyewe juu ya meza.

"Mtu akiwekewa mkono," aliuliza kwa sauti ya chini, "yeye husikia nini?"

Tusajigwe alifikiri. Alitamani kujibu vizuri, kwa sababu swali lilikuwa la kweli.

"Anasikia kwamba kuna mtu," alisema.

Moyopana alitazama dirisha, ambalo lilikuwa kifua cha mama yake. Kisha akasema, "Pini moja. Si wewe utakayeibandika. Wewe huruhusiwi tena kumkaribia."

Hivyo Figotulivu ndiye aliyepewa pini na koleo ya mbao. Alikwenda nayo Nyumba ya Kusubiri peke yake, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

Asubuhi, kabla ya saa ya kukatwa, picha mpya ikaletwa barazani. Watu walijaa. Mkataji alikuwepo na vyuma vyake virefu, maana hata yeye alifanya kazi kutoka mbali. Msomaji wa Kifua akaitundika ile picha. Moyo ulikuwa umelala upande usio wake, na karibu nao, begani, pini iling'aa.

Msomaji akaigeuza. Mkono wake ulikuwa umezoea. Sasa moyo ukakaa kisheria, na pini ikaonekana kwenye bega la kushoto.

"Mnaona," alisema. "Pini ilibandikwa bega lisilo lake. Mke wa mgonjwa hajui kulia kwake na kushoto kwake."

Watu wakacheka kidogo. Tusajigwe alikuwa amewekwa nyuma kabisa chini ya ulinzi. Njia aliyoiona ndiyo hiyo moja, na ilikuwa imezibwa kwa kitendo chepesi namna ile. Akaanza kusali bila maneno.

Figotulivu akasogea mbele.

"Niliibandika bega la kulia," alisema.

"Unajuaje?"

"Ndilo analobebea mbao. Mtaa mzima unamwona."

"Wewe uliona bega limefunikwa na shati. Yaweza kuwa lolote."

"Lina sugu. Ngumu, pana, kama kisigino. La kushoto halina."

Msomaji wa Tumbo akainua kichwa. "Sugu iko chini ya shati. Umeijuaje?"

Figotulivu alikuwa na jibu moja la kujiokoa mwenyewe na jingine la kumwokoa mumewe, na kila aliyekuwa pale alijua.

"Koleo haikuweza kufunga pini," alisema. "Nikaiweka chini. Nikafunga kwa vidole. Kisha bega sikuliachia." Akatazama vidole vyake. "Nililishika kwa muda mrefu. Halafu nikalishika la pili nilijue pia. Nifuteni jina, lakini mkateni kushoto."

Mwanamke mmoja katikati ya watu akaficha mikono yake nyuma ya picha yake.

Moyopana akainuka, akaenda kwenye ubao wa taa mwenyewe. Akaitoa ile picha, akaigeuza kama ilivyokuwa mwanzo, akasimama akiitazama mpaka miguu ya watu ikaanza kuchoka.

"Picha haikukosea," alisema mwishowe, na wasomaji wawili wakashusha pumzi. "Andikeni hivyo. Picha ni sahihi. Aliyegeuzwa ni mtu." Akamgeukia mkataji. "Kushoto."

Walikuta kidole tumbo mahali pale pale Mbavunene alipopaonyesha tangu mwanzo, chekundu, kimejaa, kikiwa bado hakijapasuka. Kikatolewa. Mgonjwa akaanza kupata nafuu.

Ikabaki kazi ya sheria, na Bayana haikuwa nchi ya kuacha kazi hiyo. Mbavunene alikuwa mtu wa kinyume, na mtu wa kinyume anawachanganya watazamaji. Baraza lilijadili, likaamua kwamba kuanzia sasa atembee kinyumenyume kila atakapotoka nje ya nyumba yake. Kwa njia hiyo wanaokutana naye watauona mgongo wake, na moyo wake utakuwa upande ule ule wanaouzoea kwenye picha za watu wote. Wasomaji wa ofisi zote mbili walisifu uamuzi huo kwa werevu wake, na kusema kweli hesabu yake ilikuwa sawa.

Ndipo mtu mmoja akauliza: anayetembea kinyumenyume haoni aendako, nani atamwongoza asitumbukie mtaroni? Kamba ilipendekezwa, ikakataliwa kwa kuwa inafaa mbuzi. Koleo ikapendekezwa, ikaonekana fupi. Mwisho Moyopana, bila kumtazama mtu yeyote, alisema kwamba bado Figotulivu hajapewa adhabu. Yeye aliyethubutu kushika, na ashike. Amshike mumewe mkono barabarani, mchana, mbele ya macho ya watu, maisha yake yote, iwe aibu kwake na fundisho kwa wengine.

Baraza likaona adhabu ni kali, likapitisha. Figotulivu aliinamisha kichwa upesi, na waliokuwa mbali walidhani analia.

Tusajigwe yeye alitakiwa aondoke. Siku aliyopelekwa langoni, mume na mke walikuja kumsindikiza mpaka mahali walipoweza kufika. Ofisa wa mapokezi alisimama kati yao na yeye, hivyo hawakuweza kuagana kwa mkono.

"Nenda salama, Iniwastani," Mbavunene alisema.

"Jina lake ni Tusajigwe," mkewe akamwambia. "Aliniambia."

"Tusajigwe." Alilitamka polepole, akilijaribu mdomoni. "Huko kwenu yuko mtu wa kukupokea?"

Tusajigwe alitaka kusema yupo. "Mungu yupo," alisema.

"Yeye ana mikono?"

"Sijui, kaka. Nimemwazima yangu tu."

Mbavunene akacheka, akajishika kidonda kwa maumivu ya kucheka. Kisha wakaanza kurudi mjini. Figotulivu alitangulia, ameushika mkono wa mumewe kwa nguvu, akimwelekeza kwa maneno mafupi: hapa jiwe, hapa shuka kidogo. Yeye alifuata kinyumenyume kama alivyoamriwa, na kwa sababu hiyo uso wake ulikuwa umemwelekea Tusajigwe muda wote alipokuwa anakwenda mbali naye. Aliendelea kumwangalia na kutabasamu, akizidi kuwa mdogo. Watu waliokutana nao njiani walishusha picha zao, wakasimama kuitazama ile mikono miwili.

Tusajigwe alibaki ameinua mkono mpaka wale wawili walipokata kona. Kisha akaushusha, akaushika kwa mkono wake mwingine, akaianza njia.